Mwizi Niliyemkamata Kwenye Kompyuta Yangu

Mimi sikusukumwa na mtu kufika nilipofika, isipokuwa na mteremko wa barabara, kwa maana nilianza na baiskeli. Nilibeba watu na magunia kati ya posti ya mpakani ya Kenya na ile ya Uganda, enzi hizo neno boda likiendeshwa kwa miguu, kabla halijapanda pikipiki na kwenda kuzurura duniani. Shule niliiacha Angurai katikati ya darasa la sita. Ukiniuliza kama najuta, nitakupeleka Malaba nikuonyeshe yadi yangu ya kuegesha malori, geti la chuma, choo cha maji cha madereva, na ofisi yenye kiyoyozi. Kiyoyozi hakijawahi kuwashwa kwa sababu ya bili ya stima, lakini kipo, na mteja akiingia macho yake huenda pale kwanza.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Mzigo ukifika mpakani hauna mdomo, na mimi ndio mdomo wake. Ukitoka na mzigo Nairobi bila wakala, utalala Malaba hadi uanze kusalimiwa kwa jina na wauza chapati.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni wakala pia, ila yeye ana digrii. Najua anayo kwa sababu ameitundika juu ya mlango, mahali sisi wengine tunatundika leseni. Anavaa tai hata siku ambazo vumbi la malori limeifanya tai, shati na mwenyewe kuwa rangi moja. Ukuta wetu ni wa plaiwudi. Nikipiga chafya, yeye ndiye anayesema pole.

Sasa, kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na tabia mbaya. Kila asubuhi iliandika kwa herufi nene kwamba mfumo ulio ndani yake si halali. Hebu fikiria: mimi, mtu wa kuhalalisha mizigo ya watu, natangazwa na kompyuta yangu mwenyewe mbele ya wateja. Nikafunika maandishi hayo kwa kalenda ya kanisa, lakini kalenda ikafunika pia mahali pa kubonyeza.

Ndipo nikasikia habari za Linux. Niliambiwa ni mfumo ambao watu wameujenga pamoja, kama tunavyochangia harusi, kila mmoja alicho nacho, halafu hawauzi. Yeyote akitaka, anaruhusiwa kuufungua tumboni aone ulivyoshonwa. Nilishuku. Malaba hata kivuli kina mwenyewe. Lakini nikauweka, mwenyewe, kutoka kwa flashi, huku nikifuata video ya Mhindi mmoja aliyeongea haraka kuliko dalali wa ng'ombe. Kompyuta ilipowaka ikiwa safi, bila kunitukana, niligonga plaiwudi.

"Digrii, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Kompyuta yangu imenyamaza."

"Labda imekufa, mzee."

Huyo ndiye jirani niliye naye.

Wakati huohuo kulikuwa na mama mmoja wa Kampala, mfanyabiashara wa kuku, ambaye nilikuwa nikimtamani kwa njia ya biashara tu. Alikuwa anaagiza vifaranga wa siku moja kutoka upande wa Nakuru, na alitaka wakala wa kudumu Malaba. Mzigo wa vifaranga ni mzigo wa heshima. Saruji ikichelewa inabaki saruji. Kifaranga akichelewa anakuwa harufu. Mtu akisikia kwamba wewe ndiye unayevusha vifaranga, anajua mkono wako ni mwepesi.

Yule mama alinipigia simu, akaongea Kiswahili cha kwao, polepole, kama anayepima kitambaa, akiniita ssebo, yaani bwana.

"Ssebo, mimi sitaki wakala wa kuniambia ngoja nifungue. Nataka barua pepe yake ikae wazi kwa meza kutwa, kama mlango wa duka. Nikituma, aone."

"Nyabo," nikamwambia, maana ndivyo mama huitwa kwao, "yangu iko wazi sasa hivi tunavyoongea."

Haikuwa wazi. Barua pepe yangu ilikuwa kwenye simu, imelala chini ya picha za mazishi na video za mahubiri. Aliendelea kunieleza kwamba ataanza na lori moja la majaribio. Vifaranga wakifika wazima, kazi ya kila wiki ni yangu. Wakifika wamelala chali, atamchukua wakala mwingine, na wakala mwingine aliyekuwa amesikia mazungumzo yote kupitia plaiwudi alikuwa ameacha kabisa kuchapa ili asikie vizuri.

Basi nikaingia kutafuta programu ya barua pepe. Ndani ya Linux kuna kitu kama duka, ila halina keshia. Unaingia, unachukua, unatoka, na hakuna anayekukimbiza. Nilitafuta barua pepe nikaletewa programu nyingi zimejipanga kwa picha, kila moja ikijisifu kwa Kiingereza. Mtu mwingine angeshika ya kwanza. Mimi nimenunua ng'ombe sokoni tangu nikiwa na ndevu tatu, na najua kwamba mnyama anazungukwa kwanza.

Moja ilikuwa nyembamba, nzuri kwa macho, imetengenezwa kwa mtu anayepokea barua mbili kwa mwezi na zote kutoka kwa shangazi. Nikaipita. Nyingine haikuwa na picha ndani, ni maandishi meupe juu ya weusi, kila kitu unakiamuru kwa herufi. Hiyo niliiheshimu kama tunavyomheshimu mganga, kwa kukaa mbali. Ya tatu ilikuwa nene, ina kalenda, ina mikutano, ina mahali pa kuandika kazi za watu walio chini yako. Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Chukua hiyo yenye kalenda," akasema. "Ndiyo ninayotumia mimi. Ni ya maofisi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba sitaichukua.

"Mimi mikutano yangu iko kichwani," nikamwambia.

"Ndiyo maana huendi."

Nikachukua ya nne, yenye picha ya ndege wa buluu. Ilikuwa ya zamani, watu wengi wameisifu, na wale walioilaumu waliilaumu kwa uzee tu, jambo ambalo mtu wa umri wangu hawezi kuliunga mkono. Tena ni ndege, na mimi nilikuwa natafuta kazi ya kuku. Niliona ishara.

Nikabonyeza pa kuiweka. Kompyuta ikasimama, ikaniomba neno la siri ili ihakikishe kwamba mimi ni mimi. Hilo lilinikera kidogo. Uko mezani kwangu, unakula stima yangu, halafu unaniuliza mimi ni nani. Lakini nikaandika, ikaridhika, ikaweka. Halafu ndege mwenyewe akauliza swali la maana: barua zako zibaki kule kwa kampuni, uwe unazisoma kutoka mbali, au zishushwe zote zikae kwako? Jirani yangu akasema ziache kule. Mimi siweki mahindi yangu kwa ghala la mtu mwingine, hata kama ni Nambale na ghala ni la shemeji. Nikachagua zishushwe. Zikaingia moja baada ya nyingine kama malori geti likifunguliwa asubuhi, hadi barua za watu ambao siku hizi hatusalimiani.

Siku hiyo hiyo nikaitoa barua pepe kwenye simu. Barua ya ofisi isomwe ofisini, mtu ameketi. Simu ikabaki na kazi moja ya kuipa kompyuta intaneti. Niliiweka dirishani, dirisha la upande wa magharibi, ambako inashika mtandao vizuri. Laini yangu nilikuwa nimeifungua ifanye kazi nchi zote mbili, kwa sababu mimi ni mtu wa nchi mbili. Wengine wakivuka wanabadilisha laini, moja wameishika mdomoni kama watu wanaotoa mwiba wa samaki. Mimi nikivuka, simu yangu inavuka nami.

Lori la majaribio liliingia yadi yangu asubuhi moja baada ya mvua kubwa. Lilipozima injini ndipo nikasikia mzigo wenyewe, maelfu ya sauti ndogo kwa pamoja, kama mafuta yanayokaanga. Dereva alikuwa mtu mrefu mwenye maneno machache. Alifungua milango ya nyuma hewa iingie, akatazama jua lilipo, akanitazama mimi.

"Boss, hawa si saruji," akasema.

"Naelewa."

"Jua likipanda juu ya hilo bati lako, mimi siwezi kuwatetea."

Karatasi zote zilikuwa tayari isipokuwa moja, kibali cha kuingiza kuku Uganda, ambacho yule mama alikuwa anakipata Kampala asubuhi hiyo. Daktari wa mifugo wa mpakani hataki picha ya simu. Amedanganywa na picha za simu mara nyingi. Anataka kibali kitumwe kutoka barua pepe ya wakala, anwani ileile aliyoiandikisha ofisini kwake, la sivyo hafungui mdomo. Kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi: mama atume kwangu, mimi nitume kwa daktari, lori livuke. Nilikaa mbele ya ndege wangu wa buluu, mikono juu ya meza, kama rubani.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Nikauendea dirishani. Uliandikwa hivi, kwa maneno yangu: kuna mtu aliye Uganda anajaribu kuingia kwenye barua pepe yako. Je, ni wewe?

Nimeishi mpakani maisha yangu yote. Nimeibiwa turubai, nimeibiwa dizeli, nimeibiwa hadi taa za nyuma za trela, na kila mara mwizi huvuka kwenda upande wa pili kisha anatupungia mkono. Na sasa, siku ya mzigo wangu wa heshima, wameanza kuiba barua. Nilijitazama. Nimeketi Malaba. Malaba ya Kenya. Kiti ni cha Kenya, miguu yote miwili iko Kenya. Kulikuwa na pahali pa kubonyeza pameandikwa Si mimi. Nilipabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayemkanyaga nyoka.

Ujumbe mwingine ukaja kunishukuru, ukasema akaunti imefungwa kwa usalama wangu.

Sikuweza kuketi. Nilitoka nje nikamwambia dereva kwamba nimemkamata mwizi wa mtandao, kutoka Uganda, mchana kweupe, nikiwa kwa kiti changu. Watu wa pikipiki walio getini walisogea. Mmoja akauliza kama ni mwizi wa Tororo au wa mbali zaidi. Nikasema inaonekana ni wa mbali, mwenye elimu. Mwingine akauliza mbona nisiite polisi. Nikamweleza kwamba kwa kompyuta hakuna haja ya polisi, unabonyeza tu na mtu anaanguka huko aliko. Walinitazama kwa heshima ambayo hata digrii hainunui.

Jirani yangu alitokea kwa mlango wake.

"Umemkamata vipi, mzee?"

"Alijaribu kuingia. Wakaniuliza ni wewe? Nikakataa."

Alionekana kama mtu aliyesikia maji yakimwagika mahali ndani ya nyumba.

Ndipo simu yangu ikaita. Ni mama wa Kampala.

"Ssebo, kibali nimetuma kitambo. Umeona?"

"Naona sasa hivi, nyabo."

Nikakimbia ndani, nikairudisha simu dirishani. Ndege wa buluu alikuwa ananiuliza neno la siri. Nikaliandika. Akaniuliza tena. Nikaliandika polepole, herufi moja moja, kama mtoto anayesomea mwalimu. Akakataa. Barua zangu zote za zamani zilikuwepo pale ndani ya kompyuta, salama kabisa, za marehemu na za maadui. Ile moja niliyoihitaji ilikuwa nje ya geti, na mimi ndiye niliyekuwa nimefunga kufuli.

Jirani aliingia bila kubisha. Hakutazama kompyuta. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akachukua simu yangu, akapandisha skrini hadi ujumbe wa alfajiri ambao sikuusoma, kwa sababu hakuna mtu wa Malaba anayeusoma. Unakuja ukiwa unaoga, unakuja ukiwa kanisani. Ulisema: Karibu Uganda.

"Mvua ya jana imezima mnara wetu," akasema. "Simu yako imeshika mnara wa Uganda. Kompyuta yako inapata intaneti kwa simu yako. Kwa hiyo aliye Uganda ni nani?"

"Mimi niko Kenya."

"Wewe uko Kenya, mzee. Intaneti yako ilivuka asubuhi bila pasipoti."

"Na yule mwizi?"

"Umemkamata. Yuko hapa ameketi kwa kiti chako."

Dereva alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani, lakini hakucheka, na hilo lilinitisha kuliko kicheko. Alikuwa ameshika boksi moja la vifaranga, lenye matundu, na midomo midogo ilikuwa wazi kwenye matundu, ikihema.

"Boss," akasema, "hawa wameanza kunyamaza."

Nilijaribu kuifungua akaunti. Watu wa kampuni ya barua pepe waliniuliza maswali ambayo nilikuwa nimeyajibu zamani kwa hasira, kama jina la mwalimu wangu nimpendaye. Sikuweza kukumbuka nilimtungia jina gani. Halafu wakaniambia wataangalia ombi langu, nisubiri. Ni neno ambalo mimi huwaambia wateja kila siku, lakini sikuwahi kulisikia kutoka upande wa pili wa kaunta. Niliangalia bati la yadi yangu. Lilikuwa limeanza kutetemesha hewa juu yake.

Kulikuwa na njia moja tu. Anwani ya jirani yangu ilikuwa imeandikishwa kwa yule daktari kama yangu. Mama angetuma kibali kwake, yeye akitume kwa daktari. Jambo la dakika. Lakini kumtuma mteja wako kwenye meza ya jirani ni kama kumtuma mchumba wako akapokelewe na kijana mwenye pikipiki mpya. Digrii alijua. Alikuwa amerudi kwake na kuketi mbele ya programu yake nene yenye kalenda, mlango wazi, tai imenyooka, akisubiri kama mtu asiyesubiri.

Nikaenda. Nilisimama mbele ya meza yake, mahali wateja wake husimama.

"Nipe anwani yako nimsomee mama."

"Unaniagiza au unaniomba?"

Nyuma yangu dereva alikuwa amefika na lile boksi. Lilikuwa linalia kidogo tu sasa, sauti mbili tatu.

"Naomba," nikasema.

Aliandika anwani kwa karatasi, akanipa bila neno lingine. Hilo namsifu. Nilimpigia mama, nikamsomea herufi kwa herufi, nikamwambia ofisi yangu ina anwani mbili na leo tunatumia ya pili. Hakuuliza. Tukatazama skrini yake wote watatu, vichwa pamoja. Barua ikatua. Jirani akaipeleka kwa daktari, akaandika maneno mawili ya adabu kwa Kiingereza, na kabla dereva hajafunga milango yake ya nyuma simu ya daktari ikaja kwamba lori lisogee. Nilitembea mbele ya lile lori mwenyewe, kwa miguu, nikifukuza mikokoteni ya vitunguu na watu wenye madebe vichwani, hadi pua yake ikaingia kwa daktari. Sauti ya kukaanga ilikuwa imerudi kidogo kwa upepo wa mwendo.

Mama alipiga simu jioni. Vifaranga wamefika, wachache wamekufa, wachache kuliko alivyozoea. Nilikuwa nimeanza kujieleza wakati aliponikatiza.

"Na huyu mtu aliyetuma kwa daktari, aliyeandika Kiingereza kizuri, ni nani?"

Ng'ambo ya plaiwudi nilisikia kiti cha jirani kikiacha kulia.

"Huyo ni karani wangu, nyabo."

"Ana adabu. Mwambie nitakuwa natuma kwenu wote wawili, wewe na karani, ndio isikwame."

"Nitamwambia."

Nilikata simu, nikangoja kelele. Hazikuja. Nikapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa. Baadaye ukuta ukagongwa, taratibu, kwa fundo la kidole.

"Mzee."

"Naam."

"Karani anauliza mshahara ni mwisho wa mwezi au mwisho wa wiki."

Tulikubaliana kabla hatujafunga ofisi. Vifaranga wa yule mama ni wetu wawili, yeye barua na mimi barabara, nusu kwa nusu, na kazi zingine kila mtu na zake. Sikuona hasara. Katika Malaba nzima hakuna mtu mwingine mwenye elimu ya darasa la sita na karani mwenye digrii iliyotundikwa juu ya mlango.

Akaunti yangu ilifunguliwa baada ya siku kadhaa. Ndege wa buluu bado ninaye, nami nawashauri watu wamchague, ni programu nzuri na haina kosa lolote katika habari hii. Simu nimeihamishia dirisha la mashariki, linalotazama Amagoro, upande wa Kenya, ambako mtandao ni dhaifu lakini ni wa nyumbani. Hata hivyo ikinyesha sana bado inavuka yenyewe, na lile swali linakuja: kuna mtu aliye Uganda, je, ni wewe? Sibonyezi chochote. Nainuka kwanza, naangalia simu imeshika mnara gani, naketi. Halafu karani wangu anagonga ukuta.

"Boss, ni wewe?"

"Ni mimi," namjibu, kisha nabonyeza.